Bawasiri si Aibu, Wala Kisu si Dawa Pekee

Yako maradhi ambayo mtu huyatangaza mwenyewe kabla hajaulizwa. Malaria ni mfano mmoja: mtu huamka asubuhi, akajitanda shuka mabegani, na kabla ya saa nne mtaa mzima umekwisha kujua kuwa fulani ana homa. Na yako mengine ambayo hata mke wa mgonjwa hupata habari zake kwa kuona nguo ndani ya beseni. Bawasiri ni katika haya ya pili. Nimeazimia kuyaandika katika ukurasa huu wa nyumbani kwa sababu yamenipata mimi mwenyewe, na kwa sababu ninaishi baina ya watu ambao kazi zao huyaalika: askari wa zamu, madereva wa malori ya jeshi, makarani wa polisi wanaokaa kitini tangu asubuhi hata jioni, na wake zao wanaozaa.

Mtaa wangu ni Hai Malakal, katika mji wa Juba. Lugha ya sokoni kwetu ni Kiarabu cha Juba, lakini Kiswahili nacho hakiko mbali. Wafanyabiashara wa Kenya na Uganda wamekuja nacho, na sisi tuliokulia ukimbizini tumerudi nacho. Mimi nilipata cheti changu cha ualimu nchini Kenya, nikasomesha miaka michache, kisha nikaingia katika utumishi wa serikali, lakini majirani wangali wakiniita ustadhi. Neno bawasiri lenyewe asili yake ni Kiarabu, na kwa hiyo mtu wa Juba na mtu wa Mombasa wakilinong'ona wataelewana bila ya mkalimani. Nasema wakilinong'ona kwa makusudi. Sijapata kulisikia likisemwa kwa sauti ila na muuza dawa mwenye kipaza sauti katika soko la Konyokonyo, ambaye hulitaja kati ya jino bovu na nguvu za kiume, na kila anayenunua humweleza kuwa anamnunulia mjomba wake.

Wengi hudhani kuwa bawasiri ni nyama ngeni iliyoota mahali pasipotakiwa, mfano wa chunjua. Sivyo hata kidogo. Kila binadamu, mwanamume na mwanamke, ana mito mitatu midogo ya nyama laini na mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa; mmoja uko upande wa kushoto na miwili upande wa kulia. Mito hiyo husaidia kuziba njia ili upepo na maji visitoke bila idhini ya mwenyewe. Mwaka 1975 mpasuaji mmoja wa Uingereza, jina lake Thomson, alieleza kuwa ugonjwa huanza pale nyuzi zinazoishikilia mito hiyo zinapolegea. Mito huteremka, hujaa damu, na kila mtu anapojikamua chooni huisukuma chini zaidi.

Kwangu mimi yalianza kwa damu. Ilikuwa nyekundu, mbichi, ikidondoka baada ya choo kama maji ya bomba lisilofungwa sawasawa, wala hapakuwa na maumivu. Baada ya miezi kadhaa kikaja kitu mfano wa zabibu, ambacho kilitoka wakati wa haja kikarudi chenyewe. Madaktari huyagawa maradhi haya katika ngazi nne. Katika ngazi ya kwanza mito huvuja damu lakini haitoki nje. Katika ya pili hutoka na kurudi yenyewe. Katika ya tatu hutoka na lazima irudishwe kwa kidole. Na katika ya nne haikubali tena kurudi. Hesabu hii haikuwekwa kwa ajili ya kupamba vitabu. Ndiyo inayoamua kama mgonjwa atatibiwa kwa chakula, kwa pete ya mpira, au kwa kisu.

Hapo kwenye kisu ndipo penye shina la hofu yetu. Jirani yangu mmoja ni sajini wa polisi, nami nitamwita Afande tu, kama mtaa mzima umwitavyo. Yeye alikuwa katika ngazi ya tatu. Katika ujana wake alimwona mwenzake aliyepasuliwa bawasiri akilala kifudifudi majuma mengi, akiuma mto kila alipotaka kwenda haja, na tangu siku hiyo aliapa kuwa hospitali hawatamgusa. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Upasuaji unaojulikana zaidi ni ule ulioelezwa mwaka 1937 na madaktari Milligan na Morgan wa hospitali ya St Mark's mjini London, ambao huikata mito yote mitatu na kuacha vidonda vipone vyenyewe. Mpaka leo hufanywa, na kwa ngazi ya nne hapana shaka una mahali pake, lakini maumivu yake baada ya ganzi kuisha ni makali na huchukua majuma mawili au zaidi. Kosa la habari za mtaani ni kudhani kuwa kati ya marhamu ya sokoni na kisu hicho hapana kitu cha tatu.

Kwa kuamini hivyo Afande alikwenda kwa mtu mmoja aliyesifiwa kuwa anaondoa bawasiri bila kupasua. Mtu yule alimpaka dawa ya kuunguza. Kinyama kilikauka kweli, lakini pamoja nacho iliungua ngozi ya njia yenyewe, na kovu lilipokomaa lilijikunja, njia ikawa nyembamba kama kidole cha mtoto. Mtu aliyekuwa akiogopa choo kwa sababu ya damu, sasa alikiogopa kwa sababu mlango haufunguki. Ilimbidi arudi kwa wale wale wa hospitali aliowakimbia, wakamtanua kidogo kidogo kwa miezi mitano. Mkewe, ambaye ni shemeji yangu kwa desturi za mtaa, alinieleza habari hii ukutani jioni moja, akiwa amejifunika mtandio nusu ya uso kana kwamba mgonjwa alikuwa yeye.

Mwaka jana, mwezi wa Februari, ofisi yetu ilinituma Kampala kwa mafunzo ya majuma matatu. Barabara ya lami kutoka Juba mpaka Nimule ina urefu wa kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012, na ni barabara nzuri. Lakini mwenye bawasiri hahesabu kilomita, huhesabu matuta. Tulivuka mpaka, tukapita Gulu, tukauvuka mto Nile pale Karuma, nami nimekalia koti langu lililokunjwa mara nne, huku abiria wa pembeni akinihurumia kwa kudhani kuwa nina maumivu ya mgongo. Tulipofika Kampala usiku nilikuwa nimekwisha kukata shauri. Kesho yake nilimwuliza mwenyeji wangu habari za daktari wa upasuaji.

Daktari niliyeelekezwa alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Bukoba, mwenye Kiswahili safi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipokwisha kumwambia kuwa nina bawasiri, alitabasamu.

"Mwalimu," akasema, "una damu. Kama ni bawasiri au sivyo, hilo tutalijua tukisha kutazama."

Akaniuliza maswali ambayo ningependa kila msomaji ayaweke akilini. Je, damu hukaa juu ya choo na kudondoka mwishoni, au huchanganyika nacho? Ni nyekundu au nyeusi kama lami? Je, nimekonda bila sababu? Je, desturi ya choo changu imebadilika, nikifunga majuma na kuhara majuma? Je, natumia dawa zozote za kuifanya damu iwe nyepesi? Je, katika ukoo wetu yuko aliyepata ugonjwa wa utumbo? Aliposikia kuwa nimekulia na kuoga katika maji ya nchi zetu, aliagiza choo changu kipimwe, kwa sababu kichocho cha utumbo, ambacho hupatikana sana katika bonde la Nile, nacho hutoa damu chooni, kama itoavyo amiba. Na haya mawili huponywa kwa vidonge, hayahusiani na pete wala kisu.

Kwa swali la ukoo nilimtajia shangazi yangu. Shangazi alitoka damu kwa muda wa karibu miaka miwili. Kila aliyeelezwa alisema ni bawasiri, na marhamu za kila rangi zilinunuliwa. Katika wote waliompa dawa hapakuwa na hata mmoja aliyempima kwa kidole. Alipopelekwa hospitali, kwa sababu choo kilikuwa kimekataa kabisa, ilionekana kuwa ni saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ambayo kidole cha daktari kiliigusa katika dakika ya kwanza, nayo ilikuwa imekwisha kupanda mpaka kwenye ini. Alifariki akiwa na umri wa miaka 52. Daktari yule wa Bukoba aliweka kalamu chini nilipokuwa nikisimulia, kisha akaniandikia nikatazamwe utumbo mzima kwa kamera ndefu. Ilifanyika katika juma la pili, na utumbo ulikuwa safi.

Kuhusu kipimo cha kwanza, ambacho ndicho kinachowakimbiza wanaume, nitakieleza bila kuficha. Nililala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, shuka juu yangu. Daktari alivaa glavu, akapaka mafuta laini, akapima kwa kidole. Halafu akatia bomba fupi lenye taa, akatazama kila upande. Jambo zima lilichukua muda mfupi kuliko kunyoa ndevu. Alinionyesha katika mchoro mito yangu: mmoja ulikuwa ngazi ya kwanza, mwingine ngazi ya pili, na wa tatu hauna neno. Akasema, "Huu mkubwa nitauvisha pete."

Kuifunga bawasiri ni jambo la kale mno; maandishi ya matabibu wa Kigiriki wa zama za Hippocrates yanataja kuifunga kwa uzi wa sufu. Jipya ni namna. Mwaka 1958 Mmarekani aitwaye Blaisdell alieleza jinsi ya kuifunga katika chumba cha kawaida cha daktari, bila kumlaza mgonjwa usingizi, na mwaka 1963 mwenzake James Barron wa Detroit akaacha uzi akatumia pete ndogo ya mpira. Chombo chenyewe kina kipini na mdomo wa mviringo, na pete hutangulia kuvutwa juu ya mdomo huo. Daktari hukamata kile kinyama, au hukivuta kwa kunyonya hewa, kikaingia ndani ya mdomo wa chombo. Halafu hubonyeza, na pete huruka ikakaza shingo ya kinyama. Damu haipiti tena. Baada ya siku chache kinyama hufa, kikakatika chenyewe pamoja na pete, kikatoka na choo bila mtu kujua. Kidonda kidogo kinachobaki hufanya kovu, na kovu hilo ndilo linaloushika mto uliolegea ukashikamana na ukuta wa utumbo.

Mtu atauliza, kama nilivyouliza mimi, inakuwaje nyama ikabwe kwa mpira isiume. Jibu limo katika maumbile. Ndani ya njia ile kuna mpaka, mstari wenye umbo la meno ya msumeno. Chini ya mstari ngozi ina hisia kali. Juu ya mstari utumbo husikia uzito na kujaa, lakini hausikii kuchomwa wala kukatwa. Pete huvishwa juu ya mpaka huo, na ikivishwa chini yake mgonjwa atapiga kelele hapo hapo, na lazima iondolewe mara moja. Ndiyo sababu kazi hii haifai kufanywa na mtu asiyeujua mstari huo ulipo. Mimi nilisikia kama mtu anayebanwa na haja kubwa, basi. Nikakaa kitini nusu saa ili waone kama nitapata kizunguzungu, kisha nikaenda zangu kwa miguu.

Siku mbili za kwanza nilikuwa na uzito na maumivu ya mbali, ambayo yalitulia kwa paracetamol na kwa kukalia karai la maji ya uvuguvugu kwa muda wa dakika kumi au kumi na tano. Aspirini nilikatazwa, maana huifanya damu isigande. Siku ya saba niliona damu kidogo, ambayo nilikuwa nimekwisha kuonywa juu yake. Katika mafunzo sikukosa hata siku moja. Daktari aliniandikia pia mambo matatu ambayo yakitokea nisingoje asubuhi: homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na kushindwa kutoa mkojo. Hutokea kwa nadra, lakini yakitokea huwa ni uchafu umeingia ndani ya nyonga, na huweza kuua. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hapaswi kuvishwa pete mpaka daktari wake ameamua la kufanya, na yule ambaye ngozi yake hukataa glavu za mpira naye aseme mapema.

Sitaki kumdanganya msomaji kuwa pete ni muujiza. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza katika hospitali 17 na kutolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja maradhi yalikuwa yamerejea, au yalikuwa yangali yapo, kwa wagonjwa 49 katika kila 100 waliovishwa pete mara moja. Wale waliofungwa mishipa inayoleta damu, kwa chombo kinachosikiliza mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, walikuwa 30 katika kila 100. Basi kwa nini tusiende wote kwa njia hiyo ya pili, ambayo ilielezwa na Mjapani Morinaga mwaka 1995? Kwa sababu inataka chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi na chombo cha bei kubwa, nayo huuma zaidi. Hali pete ni ya bei ndogo, na yaweza kurudiwa baada ya majuma manne hadi sita. Kwa nchi zetu mimi naipendelea pete. Na iko mashine ya kushona na kukata kwa mkupuo mmoja, iliyoletwa na Mwitalia Longo katika miaka ya 1990, ambayo sehemu zake hutumika mara moja zikatupwa. Hiyo naiacha kwa wenye mifuko mirefu.

Ndugu wa karibu wa pete ni sindano. Daktari huchoma dawa iitwayo fenoli, iliyochanganywa na mafuta ya lozi kwa kiasi cha sehemu tano katika mia, juu ya shina la mto, nao hunywea. Hufaa ngazi ya kwanza na ya pili, hasa penye damu nyingi, na haigharimu sana. Historia yake inafurahisha. Dakta Morgan wa Dublin alichoma bawasiri kwa dawa ya madini ya chuma mwaka 1869. Miaka miwili baadaye Mmarekani mmoja wa jimbo la Illinois, Mitchell, akatumia fenoli, na siri yake ikauzwa kwa waganga wa kutembeza waliozunguka vijijini wakichoma watu kwa fedha. Kwa hiyo yule bwana wa kipaza sauti wa Konyokonyo ana mababu zake Marekani. Lakini sindano hii ikichomwa kwa kina kupita kiasi kwa mwanamume huweza kujeruhi tezi ya kiume iliyo mbele, basi asikubali mtu yeyote kuchomwa nyuma ya duka. Iko pia njia ya miali ya joto isiyoonekana kwa jicho, ambayo huelekezwa kwenye shina kwa sekunde moja na nusu hivi, ikalichoma kidogo likasinyaa. Nayo ni nzuri palipo na umeme wa kutegemewa.

Nikiwa Kampala, kila nilipokiona kilima cha Mulago nilimkumbuka Dakta Denis Burkitt, ambaye habari zake yafaa zijulikane na kila nyumba ya Afrika Mashariki. Alikuwa Mwairishi mwenye jicho moja, alitumikia jeshi la Uingereza kama mpasuaji katika sehemu zetu hizi wakati wa vita vikuu vya pili, kisha akaja Uganda mwaka 1946, akianzia Lira, akahamia Mulago, akakaa mpaka 1966. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya taya za watoto, ambayo aliieleza mwaka 1958 na ambayo ina jina lake. Lakini miaka ya baadaye alitumia nguvu zake zote kwa jambo ambalo waungwana hawalitaji mezani: alipima uzito wa vinyesi. Mwaka 1972 yeye na wenzake walieleza kuwa wanavijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa saa 36 hivi. Hali mabaharia wa jeshi la Uingereza na wake zao walitoa gramu 104, na chakula chao kilikaa saa 83. Burkitt alisema tofauti ni makapi ya chakula. Mwingereza alikuwa amekoboa ngano yake mpaka ikabaki vumbi jeupe, akala, akafunga choo, akajikamua, akapata bawasiri. Mwanakijiji hakukoboa kitu, na hospitali za vijijini zilimwandikia Burkitt kuwa bawasiri hazionekani.

Hapo mwisho namheshimu daktari yule lakini simfuati mpaka ukingoni. Hospitali iliyohesabu bawasiri iliwahesabu waliokuja kuzionyesha. Mtu kama Afande angehesabiwa wapi? Hata hivyo katika habari ya makapi alikuwa na haki. Mwaka 2005 madaktari waliokusanya majaribio kadhaa walikuta kuwa mgonjwa anayeongezewa makapi hupungukiwa na kutoka damu kwa kiasi cha nusu. Daktari wa Bukoba aliniambia waziwazi kuwa pete bila chakula ni sawa na kupiga deki huku bomba liko wazi.

Sasa tutazame masufuria yetu. Bibi zetu walisonga asida kwa mtama uliosagwa pamoja na ganda lake, wakala kwa bamia au kwa majani ambayo Juba huyaita kudra na pwani huyaita mlenda. Leo katika nyumba nyingi za Hai Malakal, na katika jiko la kambi vilevile, unga ni ule mweupe wa mahindi yaliyokobolewa, unaokuja kwa malori, na mboga ni nyama yenye mchuzi. Sisemi watu warudi enzi za mababu. Nasema mara tatu kwa juma asida iwe ya mtama usiokobolewa, maharagwe yasiondoke, na embe au papai liliwe badala ya kuuzwa yote. Mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 za makapi kwa siku. Aongeze kidogo kidogo, maana akianza kwa pupa tumbo litajaa upepo na atamlaumu mwandishi. Na maji yanywewe. Najua kuwa kwetu maji hununuliwa kwa gari na kwa baiskeli, na askari wa lindo wakati mwingine hujinyima ili asitoke zamu. Lakini katika joto la Februari na Machi utumbo usiopata maji hukausha choo kikawa jiwe.

Jambo jingine ni simu. Mtu huingia chooni na simu, akasoma habari za dunia nzima amechutama, akatoka miguu imekufa ganzi. Muda wote huo mito inaning'inia na kujaa damu. Aingie haja ikimwita, asijikamue, na dakika tatu zinatosha.

Kwa akina mama neno ni fupi. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba na baada ya kujifungua, bawasiri huwatokea wengi, kwa uzito wa mtoto na kwa kusukuma. Kwa wengi hurudi nyuma zenyewe baada ya majuma kadhaa. Makapi, maji na karai la uvuguvugu hutosha, na pete husubiri. Lakini mama aliyekwisha kupungukiwa damu kwa uzazi akiendelea kuvuja kila siku chooni, huyo asiambiwe avumilie. Na uvimbe wa ghafla pembeni mwa njia, wa rangi ya zambarau na wenye maumivu makali, huwa ni damu iliyoganda katika bawasiri ya nje; akiwahi hospitali ndani ya siku tatu hupasuliwa kidogo kwa ganzi akapata nafuu hapo hapo, na akichelewa huachwa unywee wenyewe.

Nilipokuwa nikiagana na daktari wa Bukoba aliniandikia barua kwa mwanafunzi mwenzake wa zamani ambaye hufanya kazi hiyo hiyo Juba, ili mto wa pili usinirudishe kwenye matuta ya barabara. Huyo ndiye aliyenivisha pete ya pili, Jumatano mchana, na Alhamisi asubuhi nilikuwa ofisini.

Habari hiyo ilimfikia Afande, bila shaka kwa njia ya ukutani. Alikuja kwangu usiku, amevaa kiraia, akakataa kukaa. Kovu lake limelegea na anakwenda haja vizuri, lakini mto mmoja uliosalia umeanza tena kuvuja.

"Ustadhi, huyo daktari wako ni mwanamume au mwanamke?"

Nikamwambia wa Kampala ni mwanamke, wa hapa ni mwanamume.

Akafikiri kidogo. "Na barua, lazima iandikwe jina la ugonjwa?"

"Barua hufungwa, Afande."

Akachukua bahasha, akaitia mfuko wa ndani, akauliza kliniki hufunguliwa saa ngapi.